Chupa ya Salha

Tajiri wa magari ya watalii amemfungulia Salha gereji ya viyoyozi hapa Sakina. Salamu sasa, Baba Salha: sisi wazima, sijui wewe huko Namanga.

Tangu soko huria lije magari ni mengi, na kompresa za tajiri huyo, zile pampu za viyoyozi, zilikuwa zinakufa kila mwezi. Mafundi wanaume aliofanya nao kazi walimimina oili kwa macho. Ikizidi gari halipoi, ikipungua kompresa inakwama. Mwanao akamwaga ya zamani, akaipima, akarudisha kiasi kile kile cha oili mpya. Unajua alipimia nini? Ile chupa ya kunyonyea uliyomnunulia akiwa mchanga, yenye mistari ya vipimo.

Wakamcheka, "Mama mtoto, kompresa inalia njaa?"

"Zenu zilikufa kwa kuvimbiwa," akawajibu. Tangu Ramadhani haijarudi hata moja.

Najua uliapa hukanyagi gereji anayofanya kazi binti yako, na mwaka wa pili huu hujamwandikia. Ila yeye, kila basi la Namanga likisimama, anachungulia kutoka uvunguni mwa gari.

Ndugu wote wanakuja kwenye dua ya kufungua gereji. Mimi mkeo Tunu nakuambia, ushukie Sakina, usipitilize hadi stendi. Ni Jumapili hii, baada ya adhuhuri.