Elektroni Tano za Kromiamu

Jumatano

Eti daktari wa kemia! Mtu mzima na tai yake, anasoma noti zilizogeuka manjano kabla sisi hatujazaliwa, na tangu hapo hajaongeza hata neno. Akipiga chafya katikati ya sentensi, hawa wenzangu wataiandika.

Leo karudisha karatasi za mtihani. Swali lilihusu mpangilio wa elektroni za kromiamu. Noti zake zinaweka mbili kwenye chumba cha 4s na nne kwenye kile cha 3d. Upuuzi. Kitabu chochote cha mwaka wa kwanza kinasema kromiamu haifuati foleni: 4s hubaki na moja, 3d hupata tano, maana 3d ikijaa nusu, tano kati ya kumi, atomu hutulia zaidi. Mwenzetu Nakato aliandika hivyo, akapewa sifuri. Mimi niliandika ya noti, nikapata maksi zote.

Nakato akasimama kuuliza. Yule bwana akavua miwani taratibu.

"Nyabo, bibi mkubwa, kwani wewe ndiye unafundisha hapa?"

Darasa zima likacheka. Kasuku watupu. Kisha akanigeukia mimi, Mkenya pekee darasani, ambaye yeye humsifu kila wiki.

"Wafula, mwambie mwenzako 3d ya kromiamu ina ngapi."

Nikasimama.

"Nne, daktari."

"Asante. Kaa."

Nakato aliniangalia tu, akakaa.

Tangu jioni natafuta neno la kumwita yule mzee, na kila nikilipata naona linanienea mimi pia. Aliyemfundisha Nakato hiyo moja na tano, Jumapili ya kabla ya mtihani, kwenye ngazi za hosteli, ni mimi.