Jibu la Numero 41

Goma, Murara, tarehe 20 Novemba 2021

Papa yangu mupendwa,

Nakusalimia wewe na Mama, na wote wa hapo Rutshuru. Mugongo wa Mama unaendeleaje? Na maharagi, yalitoa? Sisi hapa tuko wazima. Mudogo wangu Emerance amenona, anakula kunipita. Tunasikia waasi wanapiga tena masasi upande wa milima yenu na watu wanaanza kushuka. Tafadhali unijibu haraka, hata maneno mawili tu.

Papa, unajua niko nafanya kazi ya mashini za kompyuta, lakini sikukuelezea vizuri ni kazi gani. Wakati volkano ilipasuka mu Mei na mabomba ya maji yakakatika, sisi watu wanne tulitengeneza Ramani ya Maji: unaifungua mu telefone, inakuonyesha robine gani inatoa maji. Hatuiuzi wala hatuifichi. Kila mwenye kujua kazi hii, awe Kisangani ao Brezil, anaweza kuingia ndani na kuitengeneza, na kila mwenye kuchota maji anaweza kutuandikia.

Tulibishana sana juu ya namna ya kupokea hayo maandishi. Murhula, mwenzetu wa Bukavu, alitaka ukumbi wa mazungumzo, watu waingie, wasalimiane, waulizane. Mimi nikasema hapana. Nilitaka daftari la kasoro: kasoro moja, numero moja, mutu mumoja wa kuitengeneza, kisha inafungwa. Nilisema watu wana kiu, hatuna wakati wa maongezi. Unanijua nikishika neno. Nilishinda, na mpaka leo nasema daftari ni kitu kizuri: kasoro mia mbili tulizifunga mu miezi miwili.

Murhula hakuchoka kuomba ukumbi wake. Juma lililopita akaanza kupitia vitu nilivyofunga, akakuta numero 41, akaisoma yote kwa sauti. Mwandishi alituuliza kama tumelala vizuri, kama majivu yamepungua kwetu, kama sisi tunaofanya kazi hii tuko na wazazi na kama wamekula. Mistari kumi na tisa ya salamu. Mu mustari wa ishirini ndipo alisema robine ya Majengo, ile karibu na soko, imekauka tangu Jumanne, tusitume tena watu kule. Chini alitia jina: Habarurema, mwalimu wa zamani. Ni wewe.

Unakumbuka vile ulilalamika kwamba uliwaandikia watu wa maji kwa heshima yote, wakakujibu maneno matano na kukufungia mlango, na kwamba hautawaandikia tena hata siku moja. Nilikuwa nakula kwako siku hiyo, wakati mulikuwa mungali hapa Goma, mu Majengo. Nilisema watu hao hawana adabu.

Ni mimi, Papa. Nilisoma mistari mitatu, sikuangalia jina, nikaandika «Hii si kasoro, ni maongezi», nikatia jina la ekipe yetu sisi wanne, nikafunga.

Kuna lingine, na hilo linaniuma zaidi. Ramani iliendelea kusema robine ile inatoa maji. Siku tatu nyuma ya kufunga ile numero, Emerance aliifuata robine na mabidon mawili, akakuta imekauka, akachota ziwani. Zile siku sita alilazwa na serumu mu mushipa, tukakuambia ni chakula kibaya, ilikuwa kipindupindu, na kilitoka kwangu. Nilimwambia juzi. Akasema nikuandikie mwenyewe, bila kupunguza.

Daftari sitaliacha. Lakini sasa maandishi yote yanapitia kwanza mu ukumbi, na mutu anayasoma mpaka chini mbele ya kuyatia numero. Kazi hiyo niliiomba mimi. Na kama vita inashuka, tutahitaji kujua robine za Rutshuru, na hakuna mwenye kuzijua kukupita. Nakuomba msamaha, na nakuomba uandike tena. Anza na salamu, kama ulivyotufundisha.

Numero 41 nimeifungua, nimeijibu mustari kwa mustari. Ndiyo, tulilala. Majivu yalipungua. Lile swali la wazazi nilishindwa kulijibu mbele ya watu, nalijibu hapa: niko nao wawili, wako Rutshuru, na sijui kama leo wamekula.

Unisalimie Mama, asibebe vitu vizito. Emerance anawabusu.

Mutoto wako,
Uwizeye