Mstari Mwekundu Mpaka Kisimani

Jumatano, Kanyangi

Na mchoro wenyewe ulikuwa mzuri, hilo ndilo linaloniudhi. Mpwa wangu Mwende alitugawia wanakijiji simu tutembee nazo wiki nzima, nazo zimchore kila mtu kwenye ramani kwa rangi yake popote anapopita. Leo akauonyesha ukutani kanisani. Watu wakapiga makofi.

Mimi nilikuwa ule mstari mwekundu. Ulishuka mto mkavu, ukapita visima vya watu wote, ukakomea pale mchangani ninapochimba maji na kufunika kwa miiba.

“Kumbe Mama Kioko huchota huko!” jirani akasema.

Jioni nikakuta miiba imetolewa, ng'ombe wamekunywa maji yote. Sikujua kitu kizuri hivyo kinaweza kunichongea.

Mwende anaomba tuendelee. Sawa. Kesho simu nitaifunga shingoni mwa mbuzi.