Rahima na Chawa wa Nyuki

Kasubi,
S.L.P. 4108,
Kampala.
9 Oktoba 1975

Mpendwa Dada Kulthum,

Assalaam aleikum. Mguu unaendeleaje? Na shemeji, kifua kimepoa? Huku hatujambo. Sukari ndiyo hatuioni madukani, lakini mwenye nyuki hanywi chai isiyo tamu.

Nina habari za mwanao Rahima, ninayekaa naye huku. Mwezi uliopita bwana mmoja wa kilimo alikuja na askari wawili, akafungua mzinga wangu mmoja, akaona chawa wa nyuki, vidudu vyekundu vidogo kama ufuta. Akaamuru mizinga yote ichomwe. Dada, siku hizi ukiambiwa hivyo unaitika tu. Nikaitika.

Rahima hakuitika. Aliomba wiki moja apime kila mzinga, kwa adabu, akapewa.

Kwanza alihesabu chawa kwa macho. Kisha akatandika karatasi chini ya masega, akafukiza moshi wa tumbaku. Chawa wakalewa, wakadondoka wengi kuliko aliowaona. Mwisho akataka kuchota nyuki kikombe kimoja kila mzinga, awaoshe kwa waragi, ile pombe kali ya huku. Waragi, nyumbani kwangu! Na nyuki wangu wafe!

"Mjomba, wafe wachache, wapone wengi," akaniambia.

Chupa tuliiweka kwa jirani yetu Okot, polisi. Nadhani aliionja.

Waragi ikawatoa hata chawa walioukaidi moshi. Mizinga ilikuwa karibu safi, isipokuwa mmoja: ule wa marehemu baba. Nikamsihi aufiche. Akakataa.

"Nikidanganya kwa huu, bwana yule hataniamini kwa mingine."

Yule bwana akarudi. Rahima akamwonyesha mzinga mbovu kabla hajaulizwa, kisha akaosha nyuki wa mingine mbele yake na kuwachuja kwenye kitambaa cheupe.

"Hesabu mwenyewe, bwana mkubwa."

Akainama, akahesabu. Akarudia. Askari wakangoja.

"Choma huo mmoja," akasema, akaenda zake.

Niliuchoma kwa uchungu, sikufichi. Mingine yote inavuma. Sasa wafugaji wa huku wanamfuata Rahima awahesabie chawa: asiyetaka kuua nyuki anafukiziwa moshi, anayetaka uhakika analeta waragi yake, na haingii nayo ndani.

Wanapouliza huyu ni binti wa nani, simwachi mtu mwingine ajibu. Nasema: wa dada yangu Kulthum, wa Mombasa.

Nisalimie shemeji na mpwangu Maftah. Mungu akuponye mguu, akulipe kwa malezi uliyompa binti huyu.

Nduguyo akupendaye kwa dhati,
Tajudin