Nilimkana Namba Kumi Mbele ya Watu

Shangazi Akech, pokea salamu zangu za heshima. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana barua hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi, na kila nikifuta naona ni kwa sababu nataka nionekane mtu mzuri, na katika jambo hili sikuwa mtu mzuri. Majina nimeyabadilisha.

Niite Nangila. Mimi ni Mkenya, kwetu ni upande wa Bungoma, nauza nguo za watoto za mitumba hapo soko la Owino, Kampala, na mume wangu, nitamwita Okidi, ni askari polisi, Mwacholi wa Kitgum. Yeye hajui Kibukusu na mimi Kiacholi changu ni cha salamu tu, kwa hiyo nyumbani kwetu chini ya kilima cha Kibuli tunagombana na kupatana kwa Kiswahili. Okidi anacheza raga. Anavaa jezi namba kumi, na kwa asiyeujua mchezo huo niseme tu kwamba namba kumi ndiye anayepokea mpira kabla ya wengine na kuamua hapo hapo kama ataupiga mbele, atampasia mwenzake au atakimbia nao mwenyewe, huku watu wenye miili kama milango wanamjia. Timu ikishinda wanasifiwa wote, ikishindwa anatafutwa yeye.

Sasa mwezi uliopita timu yao ilifika fainali. Pale Owino kuna mama mmoja, Husnah, ndiye anayefungua marobota ya nguo na sisi wadogo tunachagua kwake, mtu anayeheshimika sana, na anaipenda raga kuliko wanaume wengi. Alikuwa shabiki wa timu hiyo hiyo ya mume wangu bila kujua kwamba namba kumi ni mume wangu, kwa sababu mimi ni mtu wa kufika, kuuza na kurudi nyumbani, mambo yangu sisimulii. Aliponialika nikae naye na rafiki zake uwanjani Lugogo nikapata wazo la kijinga, kwamba nitanyamaza mpaka filimbi ya mwisho, tukishashinda nisimame niseme yule ni wangu. Nilijiona kabisa wakinikumbatia.

Mama mkwe wangu, Mama Rosalba, alikuwa amekuja kutoka Kitgum kumwona mwanawe akicheza kwa mara ya kwanza. Ni mjane wa mwanajeshi, watoto wake aliwalelea kambini, na Kiswahili chake ni cha huko huko kambini. Nilimkalisha kwenye viti vya familia za wachezaji, nikamwambia nakwenda kusalimia watu wa soko, nitarudi. Sikurudi.

Shangazi, mechi iliharibika mapema. Wale wapinzani walikuwa wamekuja kwa ajili ya Okidi peke yake, kila akigusa mpira wanamwangusha wawili watatu, mpira mmoja ukamponyoka, mwingine aliupiga wakauzuia kwa kifua, halafu akatoa pasi ndefu ambayo mtu wao aliidaka njiani akakimbia nayo mpaka katikati ya nguzo zetu akafunga bila kuguswa. Hapo watu wakaanza. Mwanzo walikuwa wanaguna, kisha wakaanza kumtukana, na Husnah naye akaingia, anasema huyu mtu amechoka, miguu yake imebaki nyumbani, na rafiki zake wakacheka. Mmoja wao akanigeukia, akaniita nyabo kama Waganda wanavyomwita mwanamke, akaniuliza, "Ile namba kumi, wewe unajua yeye?"

Nikasema, "Simjui."

Neno lilitoka lenyewe, kama mtu anavyoondoa mkono kwenye moto. Na ningeishia hapo labda ningelala usingizi, lakini sikuishia hapo. Kipindi cha pili walipoanza kupiga kelele kwamba atolewe, nami nilisimama nikapiga kelele pamoja nao, tena kwa sauti yangu ya sokoni inayofika mbali, nikasema mtoeni huyo, amezeeka. Husnah akanipiga bega akicheka. Nilijisikia mmoja wao, Shangazi, na kwa muda mfupi nilifurahi.

Nilipogeuka nikae, mama mkwe wangu alikuwa ameketi nyuma yangu na chupa ya maji mkononi. Alikuwa ameona jua limekuwa kali, ananitafuta aniletee maji.

Husnah na wenzake macho yao yalikuwa uwanjani. Alinipa yale maji, nikayapokea, na hatukutazamana tena.

Yaliyobaki ya mechi niliyaona kama mtu anayeangalia kupitia pazia, lakini niliyaona. Okidi hakutolewa. Kila akiangushwa aliinuka, akafuta mikono kwenye kaptula, akaenda kwa mwenzake mmoja akamwambia neno, akaenda kwa mwingine, kisha akauomba mpira tena. Walikuwa wameshashindwa, kila mtu anajua, wachezaji wengine wamekwisha kuinamisha vichwa na wanaukwepa mpira usije ukawaharibikia, na yeye bado anauomba. Filimbi ilipolia aliwapa mkono wapinzani wote, halafu akaja peke yake mbele ya jukwaa letu akasimama, mkono kifuani, watu wanamzomea. Akawa anatazama viti, safu kwa safu, na mimi nilijua anamtafuta nani. Niliinama nikajificha nyuma ya mwavuli wa Husnah, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Ni Mama Rosalba aliyesimama. Alivua kitambaa cha kichwa akakipunga juu, mama mzima na kichwa wazi mbele ya watu, akasema kwa sauti, "Huyu mtoto yangu! Mimi nazaa yeye!" Kuzomea kukakoma. Husnah aliona aibu mpaka akamwomba msamaha, akamwambia hatukujua mama, utusamehe. Mama Rosalba alimjibu kwamba si kitu. Alinipita pale nilipoinama, gomesi yake, lile gauni refu la Kiganda, ikanigusa uso, akashuka uwanjani kumkumbatia mwanawe. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

Nyumbani Okidi alituuliza tulikuwa tumekaa wapi kwa sababu alimwona mama tu. Kabla sijafungua mdomo mama akajibu kwamba tulikaa pamoja, na kwamba mimi nilimpigia makofi mpaka mwisho. Okidi akanishika mkono, akanishukuru. Alisema kocha wakati wa mapumziko alimuuliza kama anataka apumzishwe, na akakataa. "Nilijua nyinyi wawili mko pale," akasema. "Ningetoka, ningewaangalia vipi?" Nilikwenda jikoni nikabandika maji ya chai ambayo hakuna aliyeyataka.

Siku ya kurudi Kitgum nilimsindikiza mama mpaka kwenye basi. Aliniambia maneno machache, nayo ndiyo yananifanya nikuandikie. "Mimi nadanganya mtoto yangu kwa sababu yako," akasema. "Mimi tanyamaza. Wewe usinyamaze."

Nimenyamaza mpaka leo. Rafiki yangu Alum, ambaye mume wake ni askari mwenzake Okidi, ananiambia nifunge mdomo, mwanamume ameshavunjwa na mechi, nikimwongezea hili nitammaliza. Na Husnah bado anamtania namba kumi pale sokoni, anasema mwanangu, nguo hii imelegea kama mikono ya yule namba kumi, na wenzangu wanacheka, na mimi nacheka. Jumamosi ijayo Okidi atacheza mechi yake ya mwisho, amekataa kustaafu kwa ile fainali, na ameniomba niwaalike watu wa soko waje. Husnah ameshasema atakuja. Nifanye nini, Shangazi? Nikisema nitampoteza, nisiposema atanishukuru tena, na shukrani yake siwezi kuibeba mara ya pili.

Nangila, Kibuli

MAJIBU YA SHANGAZI AKECH

Nangila, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyoomba, na pole. Aibu kama hiyo huondoa hata ladha ya chakula, najua. Pole imeishia hapo, sasa nisikilize.

Ulimkana mumeo kwa sababu uliogopa kuchekwa na watu wanaokuuzia nguo. Usiipambe. Kumkana mara moja naweza kusema mdomo uliteleza, maana kelele za watu zinaweza kumbeba mtu yeyote. Lakini kuinama nyuma ya mwavuli uliamua, na kucheka pale Owino unaamua kila siku ukifungua kibanda chako. Unaniandikia kana kwamba jambo hili liliisha siku ya fainali. Halijaisha, dada. Jana ulilifanya tena, na kesho utalifanya tena usipobadilika.

Alum anakupenda, lakini amekosea. Anasema Okidi amevunjwa. Umeniandikia mwenyewe jinsi alivyoangushwa mbele ya watu wote akainuka, akawatia wenzake moyo, akauomba mpira, akaja kusimama mbele ya waliomtukana. Huyo ndiye mtu mnayeogopa hataweza kusikia neno la mke wake sebuleni? Anayeogopa ni wewe. Unasema unamlinda, kumbe unajilinda.

Na yule mama. Amebeba uongo ambao si wake, kwa mwanawe mwenyewe, amerudi nao Kitgum. Unataka afe nao?

Basi fanya hivi. Anza na Husnah, kesho asubuhi, mbele ya wale wale waliocheka. Usimvute pembeni. Mwambie: namba kumi ni mume wangu, siku ile niliulizwa nikasema simjui, nilisema uongo. Usimlaumu kwa matani yake, kwa sababu hakujua, wewe ulijua. Mumeo ulimkana hadharani, basi umkiri hadharani, tena kabla Husnah hajafika Lugogo, mumeo asije akayasikia kwa mtu mwingine.

Jioni hiyo hiyo mwambie Okidi. Usisubiri asubuhi ya mechi, huo utakuwa ukatili. Mwambie yote: neno, kelele, mwavuli, na kwamba mama alidanganya kukufunika. Usiseme "lakini". Usijitetee kwa habari za Husnah wala za wazo lako la kushangilia mwishoni. Na ukisikia machozi yanakuja, yazuie, maana ukilia itabidi akubembeleze, na siku hiyo si zamu yako kubembelezwa. Akinyamaza, mwache anyamaze. Akitoka nje, usimfuate. Usimwombe akusamehe siku hiyo hiyo kana kwamba unadai chenji.

Kisha mpigie mama mkwe wako simu umwambie umesema. Maneno mengine hayahitajiki.

Jumamosi nenda uwanjani, hata kama hatakuomba tena. Kaa mahali anapoweza kukuona. Akicheza vibaya, kaa hapo hapo.

BAADA YA MAJIBU

Majibu haya nilimtumia Nangila kwa simu kabla gazeti halijachapwa, kwa sababu Jumamosi ilikuwa inakuja. Ameniandikia tena na ameruhusu niyaweke hapa.

Anasema alipomwambia, Husnah aliacha kukunja nguo akamtazama, akamuuliza kwa nini alimwacha aendelee kumtania mume wake wakati wote huo na yeye anacheka. Husnah aliendelea kukunja, na tangu hapo anamsalimu kwa ufupi.

Okidi alimsikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama mama yake alimwona akiinama. Nangila akasema ndiyo. Okidi aliingia chumbani akatoka na blanketi, akalala kwenye kiti cha sebuleni, na siku zilizofuata alimwambia yaliyo ya lazima tu, chumvi iko wapi, nani amechukua ufunguo.

Jumamosi Nangila alikwenda. Alikaa safu ya mbele kwenye viti vya familia, na mwanamke mmoja alipomuuliza amekuja kumwangalia nani, alimtaja kwa jina na kusema ni mume wake. Okidi hakuwa na siku nzuri wala mbaya. Wenzake walimbeba mabegani. Hakutazama jukwaani.

"Baadaye alikuja na wenzake, wanapiga picha," Nangila ameandika. "Nilisimama pembeni nikangoja. Walipoondoka alikuja akasimama mbele yangu, kisha akashusha mfuko wa viatu begani akanipa niubebe. Tulitembea pamoja mpaka barabarani. Hajanisamehe, Shangazi. Lakini viatu nilivibeba mimi, na watu wote waliona naondoka na nani."