Kisanduku cha Umeme Chumbani kwa Mayu

Jumamosi. Mawingu yametanda tangu asubuhi na mvua hainyeshi, lakini mimi nina furaha hadi sijui niiweke wapi.

Tulipojenga hapa Rwamgasa, kisanduku cha swichi za umeme tulikifunga stoo. Nani angejua kwamba mama yangu mzazi, Mayu, angekuja kuishi nasi kutoka Kishapu, na kwamba miguu yake ingetaka chumba hicho hicho kwa sababu ndicho kilicho jirani na choo?

Basi tukaingia kwenye kioja. Kwetu Wasukuma, mkwe haingii chumba anacholala mama mkwe wake, hata kama nyumba ni yake. Na umeme wetu hujikata kila pasi na jokofu vikiwaka pamoja. Kwa hiyo mume wangu, Baba Neema, akawa mgeni wa swichi zake mwenyewe. Wa kukimbia kuzirudisha nikawa mimi.

Jumatano nilikwenda mnadani Buseresere. Umeme ukajikata. Mayu akaona aibu mkwe wake kukaa bila umeme kwa ajili yake, akapanda kigoda arudishe swichi mwenyewe. Miguu ikamgomea, akaanguka.

Baba Neema alisikia kishindo. Akafika mlangoni, akashindwa kuingia, akakimbia kumwita mama wa nyumba ya jirani.

Namshukuru Mungu hakuvunjika. Lakini niliporudi nilimkuta analia.

"Nirudisheni Kishapu," alisema. "Namtesa mkwe wangu ndani ya nyumba yake."

Kishapu kwa nani? Nyumba ile imebaki na kuku tu. Nilimtazama Baba Neema aseme neno, hakusema. Siku mbili nilimnunia, nikidhani kimoyomoyo anafurahi mzigo unaondoka.

Kumbe mwenzangu alikuwa anatafuta fundi.

Leo asubuhi watu wa umeme wamekuja wakakata umeme kule nje, kisha fundi akavunja ukuta, akavuta nyaya, akahamishia kisanduku koridoni. Mayu, kuona chumba chake kinabomolewa, akakunja kanga zake zote akazitia kwenye begi. Akalikalia.

Umeme uliporudi, Baba Neema alisimama koridoni, mgongo ameupa mlango wa Mayu.

"Shikamoo mama. Swichi nimezihamishia huku. Wewe usihame."

Mimi jikoni nilishika mwiko bila kukoroga chochote.

"Marahaba, baba," Mayu akaitikia mwishowe.

Baadaye akaniita. Alikuwa amesimama mbele ya ukuta, pale kisanduku kilipokuwa, fundi alipopaziba kwa saruji.

"Hapa nipigilieni msumari, nitundike kanga zangu."

Nikamwambia saruji bado mbichi, itabidi asubiri ikauke.

"Nitasubiri," akasema.