Plastiki Nyeupe na Vyuma vya Mzee Kamau

Jumanne, Oktoba. Mawingu yamekaa juu ya Nairobi tangu asubuhi na hayataki kuamua. Nimechoka mpaka macho yanauma.

Nimerudi hapa Soweto West saa kumi na moja, nikavua viatu na kukaa tu. Kuna beseni sakafuni, chini ya bati lililotoboka. Ndiyo, mimi ni fundi wa paa. Kinyozi hajinyoi, usinicheke.

Wacha niandike hii kitu kabla sijapoteza ujasiri.

Kule Kawangware 46 kuna jumba la Mzee Kamau. Chini ni maduka, katikati saluni, juu kabisa ni Mama Vero na mashine zake za kushona yunifomu. Paa ni slabu tambarare ya zege, na juu ya slabu, kama kwa kila mwenye ploti huku kwetu, vyuma vya nguzo vimeachwa vimesimama vikingoja orofa ijayo. Vimengoja miaka mingi sana. Vimeshika kutu, na wapangaji wanafungia kamba za kuanika nguo.

Mwaka huu kabla ya mvua ndefu nilitandika plastiki juu ya hiyo slabu, kuzuia maji. Nilimwambia mzee tukate vyuma kwanza, kwa sababu plastiki inataka kulala kipande kimoja bila kutobolewa. Akasema, "Fundi, hizo wacha." Nikaviacha. Nikazungushia kila chuma kiraka, nikapaka gundi, nikajiambia itashika.

Nilijua haitashika.

Mvua ya Aprili ikafuata vyuma ikashuka hadi ndani. Mama Vero alifungua asubuhi akakuta mota za mashine mbili zimekufa na yunifomu za shule nzima zimechorwa na maji ya kutu. Hakunitukana. Alinitazama tu, akasema, "Aki fundi, hata wewe?" Afadhali angenitukana.

Mzee akaamua kwamba plastiki ndiyo mbaya, nitafute ingine. Na mimi nikanyamaza. Dhambi yangu iko hapo.

Tangu hapo nimekuwa nikibeba sampuli kama mchuuzi. Nimepeleka nyembamba ya kijivu, nyeusi, na nyeupe nene yenye wavu ndani. Tumeziacha juani wiki tatu, zimebanwa na matofali. Mzee amezikanyaga na viatu vyake vya kanisani. Amezimwagia makaa, kwa sababu wapangaji hupandisha jiko huko juu. Moja ameivuta kwa meno, wueh! Ile ya kijivu iliyeyuka hapo hapo. Nyeusi ilishika joto mpaka paka wa saluni akaruka. Nyeupe imevumilia yote, na viungo vyake unaviunganisha kwa hewa moto, si gundi. Ni chaguo zuri kabisa, na vyuma vikibaki vimesimama ni kazi bure.

Leo mzee ameamua: nyeupe. Amefurahi, ametuitishia chai na mandazi pale chini. Mama Vero alikuwepo, amekuja kuuliza mambo ya mashine. Tangu Aprili amezihamishia kwa dadake huko Kongo, ile ya hapa hapa Kawangware, anashonea kibarazani na vumbi lote lile. Akaniuliza, "Sasa hii ni sawa, fundi?"

Nikasukuma kikombe kando.

Nikasema tu. "Mzee, hata hii itavuja. Shida haikuwa plastiki. Ni vyuma, na mimi nilijua."

Mama Vero akaweka kikombe chini. Mzee akanigeukia. "Kwani ulikuwa unangoja nini kuniambia?" Niliogopa kunyimwa kazi, halafu nikaogopa aibu, halafu ikawa mazoea.

Nilitarajia anifukuze. Badala yake akaanza kueleza, polepole, kwamba orofa ya juu ilikuwa iwe nyumba yao, yeye na mkewe. Huyo mkewe, sasa marehemu, ndiye aliyesimamia mafundi wakati nguzo zinafungwa. Alitaka dirisha linaloangalia vilima vya Ngong. "Nikikata," akasema, "ni kama kumwambia hatujengi tena."

Hakuna aliyegusa mandazi.

Mwishowe akasema, "Kata. Lakini njoo Alhamisi, nikiwa kwa kamati ya kanisa. Sitaki kusikia hiyo grainda ikikata."

Nilidhani yameisha. Nikifungua mlango hapa, simu ikalia. Ujumbe wa mzee: "Fundi, niachie tu ile nguzo ya kona. Moja tu." Kabla sijamaliza kuusoma, wa Mama Vero ukaingia: "Nirudishe mashine ama ningoje?"

Nguzo ya kona imesimama moja kwa moja juu ya meza yake ya kushonea.

Manze, namhurumia huyu mzee. Lakini mara ya kwanza pia nilimkubalia, na aliyelowa ni Mama Vero. Siwezi kuwajibu wote wawili ndiyo.

Nimeanza na Mama Vero: "Rudisha wiki ijayo." Nikatuma haraka, nisije nikabadilisha nia.

Mzee nitamwambia kesho asubuhi, ana kwa ana, si kwa simu. Vyuma vyote vinakatwa. Vile vya kona nitavikata mwisho, nivifunge pamoja nimpelekee nyumbani mwenyewe, kama bado atanifungulia mlango.